Mzee Aliyeziba Kamera

Leonida alikuwa mtu wa kukata. Si nyama, si nguo, alikata picha. Ungempa harusi ya kutwa nzima, tangu bibi harusi anaposukwa nywele hadi sufuria ya mwisho inapooshwa, naye angekurudishia filamu ya saa moja iliyonyooka kama imepigwa pasi. Watu wa Malaba walimpendea hilo. Kwenye kazi yake hungeona shangazi akitafuna mfupa, wala mtoto akitokwa makamasi, wala wale wazee ambao, haijulikani nani aliwaroga, wakiona kamera lazima waje wasimame mbele yake na kuuliza ilinunuliwa wapi. Hao wazee hasa ndio aliowakata bila huruma.

Studio yake ilikuwa kando ya barabara ya malori, chumba kimoja chenye pazia jekundu, kompyuta moja na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza. Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wake, kulikuwa na mpinzani wake, Egwang, mwenye Egwang Classic Video na sauti ya kuuzia dawa sokoni. Hawa wawili hawakuwa wakisalimiana. Kisa ni harusi moja iliyofanyika Amukura, ambapo upande wa bwana ulimwita Leonida na upande wa bibi ukamwita Egwang, wakasukumana kwa viwiko mbele ya madhabahu mpaka padri akasimamisha misa kuwauliza kama wao ndio wanaooana. Tangu siku hiyo, kila mmoja akifagia mlangoni alihakikisha vumbi linaelekea kwa mwenzake.

Kazi iliyokuwa mezani wiki hiyo ilikuwa harusi ya Brendah, binti ya Omuse wa Adungosi, aliyeolewa na kijana wa Busibwabo aitwaye Quinton. Harusi ilifana, mvua ikaheshimu ratiba, keki ikasimama wima. Mtu mmoja tu alikosekana, naye ni Ajiko, mama mzazi wa Omuse, nyanya yake Brendah. Bibi huyo aliteleza jikoni siku chache kabla ya harusi akavunjika nyonga. Daktari alisema bila upasuaji hatatembea tena, na akiendelea kulala hivyo kifua nacho kitamharibikia. Hospitali moja ya Eldoret ikampa nafasi siku ya Jumatatu. Ajiko akakataa.

Alikataa akiwa amelala chali, mikono kifuani, bila kupandisha sauti. Alisema hakuna mtu atakayempasua kabla hajaiona ile harusi kwa macho yake, kwa sababu watu wa umri wake hulazwa kitandani hospitalini na wasirudi. Si kwamba hakusimuliwa. Omuse alimsimulia, Brendah akamsimulia, na majirani wakaja kusimulia huku wakitia chumvi. Ajiko alimsikiliza kila mmoja hadi mwisho, kisha akauliza swali lile lile: na nani mwingine alikuja? Walipomaliza kutaja majina aligeukia ukuta. Wakadhani ni maumivu.

Basi Brendah akaja studio, hajazoea hata kuvua pete yake mpya anapoosha vyombo, akamweleza Leonida mambo yote. Alitaka filamu iwe tayari Jumapili baada ya kanisa. Wangefunga shuka ukutani, nyanya aone, na asubuhi yake safari ya Eldoret. Nafasi hiyo ikipita, alisema, ya pili watangoja mpaka Mungu ajue. Leonida, ambaye kukhu, nyanya yake mwenyewe, kule Khunyangu alimlea kwa uji na viboko, alijipiga kifua akaahidi.

Na kweli, Ijumaa asubuhi filamu ilikuwa imekamilika. Ilikuwa tamu. Brendah alikuwa akiteremka garini polepole, shela ikipepea polepole, hata mbuzi wa zawadi alikuwa akitembea polepole. Leonida alikuwa ameondoa kila takataka, pamoja na mzee mmoja aliyemkera kuliko wote. Huyo alitokea kule Busibwabo, nyumbani kwa bwana harusi, wakati wa chakula. Leonida alikuwa ameisimamisha kamera ikitazama meza ya maarusi, mara mzee mwenye koti la mvua akaja akasimama mbele yake wima, akaziba kila kitu. Mkononi alikuwa na mrija mrefu, ule wa kunywea pombe ya mtama kwenye chungu. Kwenye harusi ya kanisa! Soda tupu imejaa mezani, yeye kaja na mrija wake. Akaanza kuongea Kiteso, moja kwa moja ndani ya kamera. Leonida, mtu wa Butula, alijua Kiteso cha salamu tu. Alimwambia mzee sogea, unaziba. Mzee akaendelea mpaka akamaliza, akavua kofia, akaenda zake. Kwenye kompyuta Leonida hakumtazama mara mbili. Mlevi, alisema, akakata.

Alikuwa anajiandaa kutia filamu hiyo kwenye flashi amwite Brendah aje aichukue, na hapo ndipo dereva wa trela moja alipochoka kupanga foleni.

Foleni ya malori ya mpakani Malaba watu wameizoea. Dereva anaweza kupika, akala, akalala na akaamka pale pale alipokuwa. Huyu aliamua kurudi nyuma kidogo ageuze akatafute njia nyingine, na kontena lake likanasa nyaya za stima zilizolegea juu ya barabara. Nyaya zikagusana. Kwa muda mfupi mtaa wote ulipata stima ambayo haijawahi kuonekana Malaba. Taa ya studio iliwaka nyeupe pe, feni ikapuliza kama inataka kupaa, kisha kukasikika pa, pa, pa, duka baada ya duka, halafu kimya. Kinyozi alitoka nje na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Muuza samaki alikumbatia friji yake akiliita jina la Yesu. Leonida yeye alisimama akitazama kompyuta yake, ambayo kutoka nyuma ilikuwa ikitoa moshi mwembamba, wa upole kabisa.

Sasa mtu atauliza, je, hakuwa na kile kisanduku cha betri kinacholinda kompyuta stima ikicheza? Alikuwa nacho. Betri yake ilikufa zamani, na tangu hapo kisanduku kilikuwa kikishikilia mlango usifungwe na upepo. Kilifanya kazi hiyo vizuri sana.

Lakini Leonida hakuwa mjinga. Picha zote ghafi za harusi, zile ambazo bado hazijakatwa, alikuwa amezihifadhi kwenye diski nyingine ya pembeni, kubwa, ile inayotumia adapta yake yenyewe. Na diski hiyo hakuwahi kuiacha ikiwa imechomekwa. Ilikuwa ndani ya droo, imevishwa soksi ya sufi isipate vumbi. Alipoikumbuka alikaa chini akacheka kwa nafuu. Kwa siku mbili angeweza kukata upya, hata kama hatalala. Stima iliporudishwa baadaye mchana ule, aliazima kompyuta ya mapajani kwa Rosebella wa duka la dawa, akaitoa diski kwenye soksi yake, akainama kutafuta adapta.

Adapta ilikuwa pale pale ilipokaa siku zote, kwenye soketi ya ukutani. Diski aliichomoa, adapta aliiacha. Nani huchomoa adapta? Kijitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka, kwa hivyo nzima. Akachomeka.

Diski haikulia. Ilitoa kiharufu tu, harufu ya plastiki na kitu kama nywele zilizoungua, na kijitaa cha kijani kikazimika. Leonida aliganda mkono ukiwa bado kwenye waya. Kisha akaelewa, na kuelewa huko kulimwuma kuliko ile hasara yenyewe. Adapta ilikuwa imekula ule moto wa asubuhi pamoja na vitu vingine vyote. Taa yake ilibaki tu ikidanganya watu. Stima ya trela haikuifikia diski ndani ya droo. Yeye ndiye aliyeichukua akaipelekea.

Alijaribu yote ambayo mtu hujaribu. Alibadilisha waya. Alizima akawasha. Aliitoa ile diski ya kwanza ndani ya kompyuta iliyoungua, akaiunganisha kwa mashine ya jamaa wa saiba, duka la intaneti, nayo ikaanza kugonga tik, tik, tik, ikinyamaza, ikigonga tena. Mtu mmoja alimshauri aitie kwenye friza. Muuza samaki alikuwa tayari kumpa nafasi kati ya mbuta wawili, lakini friza yake nayo ilikuwa imekufa, na kwa bahati hiyo diski ikapona. Jioni ilipoingia Leonida alikuwa ameketi kwenye kizingiti, diski moja kila paja, machozi yakimtoka waziwazi. Hakuwa akililia kompyuta. Alikuwa anamwona yule bibi amegeukia ukuta, na Jumatatu ikipita.

Ng'ambo ya barabara, Egwang alikuwa mlangoni kwake anachokonoa redio ya mtu kwa bisibisi. Kila mtu Malaba alijua kwamba Egwang, kabla ya kamera, alitengeneza redio na simu, na kila asiyejua aliambiwa na Egwang mwenyewe. Leonida alimtazama. Egwang akajifanya hatazami. Hali hiyo ilidumu kitambo, malori yakipita katikati yao, mpaka Leonida akajikaza, akapangusa uso kwa leso, akavuka.

Hakumsalimia, maana angeanzia wapi. Aliziweka diski mbili juu ya meza, kando ya redio, akasema shida yake kwa sentensi chache akitazama pembeni. Alipofika kwa nyanya Ajiko, akazisukuma diski karibu na mikono ya Egwang.

Egwang hakucheka. Kwanza alimwekea kiti. Halafu, kwa kuwa Egwang ni Egwang, akaanza kuhutubia. Diski, alisema, husikilizwa kabla ya kuguswa, na watu wengi wa mji huu hukimbilia kugusa. Aliunganisha ile ya kwanza akaitegea sikio. Tik, tik, tik. Akaichomoa upesi. Hii, alisema, imeumia ndani, mkono wake wa kusoma unapapasa bila kuona kitu; ukiendelea kuiwasha unaikwaruza. Hii ni ya Nairobi, kwa watu wenye chumba kisicho na vumbi, na kwa Jumapili usiitarajie. Filamu tamu ya Leonida, yenye mbuzi wa polepole, ilikuwa humo.

Akachukua ya pili. Aliifungua kasha lake, akaiunganisha na mashine yake, akainama. Kimya. Hakuna hata kugonga. Na hapo uso wa Egwang ukafunguka.

"Hiki ni kimya kizuri," alisema. "Hii haijaumia. Imezibwa mdomo tu."

Aliigeuza diski akamwonyesha kibao cha kijani cha nyaya kilichofungwa mgongoni. Karibu na mahali stima inapoingilia palikuwa na vipande vyeusi vidogo, vya ukubwa wa punje ya mtama. Aligusa kimoja kwa vile vijiti vya mita yake, na mita ikapiga kelele mfululizo. Alieleza kwamba hicho ni kilinzi. Stima ikija nyingi kuliko kawaida, chenyewe hujifunga na kuimeza yote isipite ndani. Kinakufa, na kikishafia mlangoni hata stima nzuri haipiti tena. Waliotengeneza diski walikiweka pale kwa ajili ya siku kama hiyo na kwa ajili ya watu wa adapta kama Leonida. Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza Egwang mwenyewe.

Kwa hivyo dawa, aliendelea, ni kukiondoa. Diski itaamka. Lakini itakuwa haina mlinzi tena, na stima ikicheza hata kidogo, kwisha habari. Kwa hiyo mtu hunakili kila kitu mara moja, kwa betri, bila tamaa, kisha anaacha kuitumia. Leonida alimwambia afanye.

"Ngoja kwanza," Egwang akasema, akiweka chini chuma cha solda. "Sitaki pesa yako. Nataka maandishi. Filamu ikianza tu, kabla ya jina lako, iandikwe: imeokolewa na Egwang Classic Video, Malaba. Herufi kubwa. Na Jumapili naenda Adungosi na wewe, maana kuku wa Omuse nawajua."

Leonida alimkodolea macho. Alihisi hasira ya Amukura ikimpanda, akaimeza. Aliuliza kama herufi hizo lazima ziwe kubwa sana. Lazima, Egwang alisema.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko hotuba. Moshi kidogo, kibano, na kile kipunje kikang'oka kikaruka chini ya meza ambako hakikuonekana tena. Egwang aliunganisha diski kwenye mashine yake akiwa ameichomoa ukutani ibaki na betri tu, na diski nayo akailisha kwa betri yake ya kupimia redio. Wote wawili wakainama, kichwa kwa kichwa. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha ukaja ule mvumo mdogo, ukipanda, ukapanda tena, ukatulia, kama mtu aliyepata usingizi mzuri. Kwenye skrini faili za Brendah zikajipanga moja baada ya nyingine. Leonida alimshika Egwang mkono bila kujua, na alipojua akauachia haraka.

Kunakili kulichukua usiku huo na sehemu kubwa ya Jumamosi, kwa sababu betri ilikwisha mara kwa mara na hawakuthubutu kuchomeka ukutani diski ikisoma. Muda wa kukata haukubaki. Kompyuta ya Leonida ilikuwa imekufa, na Egwang, ambaye ukarimu wake una mipaka, alikuwa na filamu ya mteja wake mwenyewe ya kumaliza. Kilichokuwapo ni picha ghafi, ndefu, zenye kutikisika, na mwanzoni herufi za Egwang zikijaza skrini kutoka ukingo hadi ukingo. Leonida alijisikia kama mtu anayepelekwa kwa wakwe akiwa na nguo za shambani. Lakini ahadi ni ahadi. Jumapili, kanisa lilipotoka, wakapanda boda moja, projekta ikiwa katikati yao, wakaenda Adungosi.

Sebule ya Omuse ilikuwa imejaa hadi dirishani. Ajiko alikuwa amelazwa kwenye godoro lililoegemezwa mito, mtu mdogo mwenye macho makubwa, kitambaa cheupe kichwani. Leonida alimpigia magoti akamwomba radhi kabla hata ya kuanza: stima imeharibu ile nzuri, nyanya, hii haijakatwa, ni ndefu na ina takataka. Bibi alimtazama.

"Takataka gani?" aliuliza.

Leonida akasema watu tu, nyanya, watu wakipita pita. Ajiko akasema basi awashe.

Na jambo ambalo Leonida hakulitegemea likatokea. Ilipofika sehemu ya Brendah kuteremka garini, bibi alitikisa kichwa akasema mtoto amependeza, basi. Lakini kamera ilipotangatanga ikiwapita watu wanaoketi, wanaokula, wanaogombania viti, alijiinua kwa viwiko. Alitaka kila uso. Alicheka alipomwona jirani yake akificha vipande vya nyama ndani ya kibeti. Aliuliza yule ni wa nani na huyu amekonda kwa nini. Sebule nzima ikachangamka, watu wakijiona, wakizomeana, wakiomba warudishiwe. Egwang alikuwa anasafisha mfupa wa paja la kuku na kuitikia kila aliyemtazama. Leonida aliketi kando ya projekta akiona jinsi kila kitu alichokuwa amekitupa kikipokelewa kwa mikono miwili, na aliona aibu na furaha kwa pamoja.

Kisha ikaja meza ya maarusi, na yule mzee akaziba.

Alijaza shuka lote. Koti la mvua, kofia, ndevu nyeupe fupi, na mrija ameushika wima mbele ya kifua. Leonida alinyoosha mkono kwenye kitufe aruke mbele, akisema pole, huyu alikuwa amelewa. Hakukibonyeza. Omuse alikuwa amesimama, mdomo wazi.

"Ni mjomba Emuron," alisema.

Ni Egwang, Mteso mwenyewe, aliyemwinamia Leonida akamnong'oneza habari ambayo kila Mteso pale ndani aliijua na hakuna aliyethubutu kuisema. Emuron ni kaka yake Ajiko, wa upande wa Tororo, ng'ambo ya mto wa mpakani. Mama yao alifariki wakati ule wa corona, mpaka ukiwa umefungwa, na Emuron akamzika bila dadake. Ajiko aliapa hatalitaja jina lake tena, naye hajalitaja. Siku ya harusi, ilikuja kujulikana baadaye, Omuse alikuwa hemani na wakwe, watu wa Busibwabo wakadhani mzee ni wa upande wa bibi harusi, vijana wa upande wa bibi harusi wakadhani ni wa Busibwabo. Alikuja na akaondoka bila mtu kumjua. Aliongea na kamera tu.

Sasa alikuwa akiongea, sauti nzito, bila haraka, na katikati ikasikika ya Leonida mwenyewe, kali, ikimwambia mzee sogea unaziba. Leonida alitamani ardhi immeze. Egwang alimtafsiria sikioni, safari hii bila kuongeza chochote chake.

"Anasema: Ajiko, wameniambia huwezi kuja, na kwamba utaonyeshwa. Kwa hivyo naongea humu. Walisema mama azikwe siku hiyo hiyo. Nilikupigia, simu haikuingia. Nilisimama mtoni nikiita upande wenu mpaka askari wakanifukuza." Egwang alinyoosha kidole kwenye shuka. "Anasema mrija huu ni wa mama. Hakuna mdomo mwingine uliougusa tangu afe. Ni wako. Anasema hakuja kula, alikuja kusema hivyo."

Kwenye shuka mzee alivua kofia, akaondoka, na meza ya maarusi ikaonekana tena, Brendah akimlisha Quinton keki.

"Rudisha," Ajiko alisema.

Leonida akarudisha. Bibi akajilaza akasikiliza tena, na machozi yakamteremka hadi masikioni kwa vile alivyolala, wala hakuyafuta. Akaomba irudishwe tena. Safari hiyo midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na ya kaka yake. Brendah alikuwa amemshika mkono na kulia bila kujificha. Sasa kila mtu alielewa kwa nini nyanya alimwuliza kila msimuliaji ni nani mwingine aliyekuja.

Omuse alimjia Leonida akamshukuru, akimwambia amefanya vyema sana kumwacha mzee ndani ya filamu. Leonida angeweza kunyamaza. Egwang alikuwa akimtazama.

"Nilikuwa nimemkata," alisema. "Stima ndiyo iliyomrudisha."

Ajiko alisikia, na badala ya kukasirika alimwita kwa kidole asogee, akamuuliza kama ile kamera yake amekuja nayo. Amekuja nayo, nyanya. Basi aiwashe, bibi alisema, na yeye alikuwa na neno la kupeleka.

Wakamwinua kwa mito. Akafunga kitambaa upya, akajipangusa uso, akatazama ndani ya kamera kama anayemtazama mtu. Akaanza kuongea. Leonida hakuelewa hata neno, ila jina, Emuron, likitajwa na kutajwa tena na mdomo ambao haukuwa umelitaja miaka yote ile. Katikati bibi alisita. Alinyamaza, akatazama mikono yake, akanyamaza zaidi. Kidole cha Leonida kilikuwa juu ya kitufe kwa mazoea, maana kimya kama hicho ndicho hukatwa kwanza. Alikiondoa. Kamera ikaendelea kutazama, na nje kuku wa Omuse waliobaki wakasikika wakiparura.

Mwishowe Ajiko aliinua uso akasema jambo moja fupi, na watu wote wanaojua Kiteso wakapumua kwa pamoja. Egwang hakungoja kuulizwa.

"Anasema Emuron asimletee mrija hospitalini," alimnong'oneza. "Ataufuata mwenyewe nyumbani kwa Emuron, Tororo, aupokee akiwa amesimama."

Bibi alimpa Leonida ishara kwamba amemaliza. Kisha akamgeukia Omuse, na kwa Kiswahili cha kila mtu kusikia, akamuuliza kama nguo zake za safari ya kesho ya Eldoret zishafungwa, ama wanangoja azifunge mwenyewe na nyonga hiyo.